Gari la Watu na Gari la Mbenzi

Sisi tuliokulia Mbugangari, hatua chache kutoka mpaka wa Goma, tulizoea kumpima mtu kwa gari lake. Mtaani kwetu kulikuwa na magari mawili ya kale ya Kijerumani. La kwanza Volkswagen lenye mgongo wa kobe, mali ya mwalimu mstaafu: injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haihitaji tone la maji. La pili Mercedes ya dizeli, ndefu na nzito, ya mfanyabiashara wa mpakani. Mwalimu tulimwona mtu wa watu. Yule mwingine alikuwa Mbenzi tu, mmoja wa Wabenzi, jina walilopewa vigogo wa Afrika Mashariki waliopanda Mercedes baada ya uhuru huku raia wakitembea kwa miguu.

Majina yalitupotosha. Volkswagen maana yake ni gari la watu, lakini watu gani? Mwaka 1938 serikali ya Hitler iliwahimiza wafanyakazi kuweka akiba ya mark 5 kila wiki ili walipate. Vita vikaja, kiwanda kikageukia zana za jeshi, maelfu wakafanyishwa kazi humo kwa nguvu, na hakuna mweka akiba aliyekabidhiwa gari. Daimler-Benz nao walitumikisha watu vivyo hivyo. Kwa asili, basi, hakuna la kumcheka mwenzake.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka. Watu wa Goma walimiminika kwetu, magodoro kichwani. Nilikimbia kwa mwalimu.

“Mwalimu, kuna bibi pale barabarani hawezi kutembea.”

“Mwanangu, gari hili vipuri vyake havipatikani tena,” akasema, akafunga lango.

Mbenzi alizunguka hadi alfajiri. Wenye pesa aliwatoza, tena si kidogo. Bibi yule alimbeba bure.

Nimejaribu kumtetea mwalimu. Vipuri ni shida kweli, na gari lile amelitunza tangu sijazaliwa. Lakini gari lisiloweza kumbeba mtu usiku kama ule linatunzwa kwa ajili ya nini? Na Mbenzi je, aliyedai nauli kwa watu wanaokimbia moto? Mwenzangu wa darasani anasema nauli hiyo ndiyo iliyonunua dizeli ya kumbeba bibi. Sijakubaliana naye, ingawa jibu lake linanisumbua.

Likizo iliyopita nilimkuta mwalimu akilifuta gari lake vumbi. Akaniita kwa jina langu la utotoni. Nilimpa mkono, tukazungumza habari za mvua.