Hanuka Si Krismasi ya Wayahudi

Wengine husema Hanuka ni Krismasi ya Wayahudi. Sivyo. Mwaka 164 kabla ya Kristo, Yuda Makabayo na wenzake walilitakasa Hekalu lililonajisiwa na mfalme Antioko. Ndiyo Sikukuu ya Kutabaruku. Yesu mwenyewe alikuwa Hekaluni siku hizo (Yohana 10:22-23). Kwa siku nane Wayahudi huwasha taa, kila jioni wakiongeza moja, na hula vyakula vya kukaangwa. Wanafurahia nyumba iliyorudishwa.

Krismasi sisi tunamfurahia Mtoto aliyelazwa horini, akakimbizwa Misri. Je, tulioacha makanisa yetu nyuma tungoje kurudi ndipo tufurahi? Hapana, Mtoto huyo hakungoja. Ila hamu ya Makabayo tunaijua: milango ile tungali tunaiombea.