Sarafu Ndani ya Chujio

Mwaka 2010 Hans Rosling, daktari na mtakwimu wa Sweden, alisimama mbele ya hadhira akaisifu mashine ya kufulia kuliko wengi wanavyosifu kompyuta. Alisimulia siku mama yake alipopakia nguo kwenye mashine kwa mara ya kwanza, na bibi yake akaomba abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Kisha bibi akaketi, akaitazama ikifua mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amechemsha maji kwa kuni na kufua kwa mikono maisha yake yote, kwa hiyo kwake ule ulikuwa muujiza. Halafu linakuja jambo linalotugusa sisi watu wa vitabu: mashine iliposhika kazi, mama akapata nafasi ya kwenda na mtoto wake maktaba. Unaingiza nguo chafu, anasema Rosling, na kinachotoka ni vitabu.

Naipenda hotuba ile. Lakini kila ikiisha nabaki na swali ambalo wengine wataliona dogo: chujio la mashine ile lilikuwa likisafishwa na nani?

Si swali la utani. Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kitabu kiitwacho More Work for Mother, na hoja yake ni kwamba vyombo vya umeme vilipunguza uchovu wa kazi za nyumbani, ila havikupunguza sana saa za mama wa nyumbani. Nguo zilizokuwa zikipelekwa kwa dobi zilirudi nyumbani. Shati lililovaliwa siku tatu likaanza kufuliwa kila siku. Mashine haikuondoa kazi. Iliihamisha, na kuna mtu aliyehamishiwa. Cowan alikuwa akizungumzia Marekani ambako watumishi wa ndani walikuwa wakipungua. Kwetu Dar es Salaam mtumishi bado yupo, tena ndiye anayebonyeza kitufe.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Jirani zetu walinunua mashine ya mlango wa mbele, mpya kabisa, na kwa miezi kadhaa ilikuwa fahari ya nyumba. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku moja ikagoma katikati: nguo zimeloa, maji yamejaa, mlango haufunguki. Kabla fundi hajafika, hukumu ilikuwa imeshatoka. Dada wa kazi ameiharibu, na gharama itakatwa kwenye mshahara wake. Mimi nilikwenda pale kuazima ngazi, nikajikuta nimeshika tochi.

Fundi hakufungua hata skrubu moja ya nyuma. Alipiga magoti, akafungua kile kifuniko kidogo cha chini mbele ya mashine, akaweka beseni, akazungusha chujio taratibu. Yakatoka maji meusi yenye harufu ya bwawa. Kisha vikatoka vitu: pini ya nywele, waya wa sidiria, utepe wa nyuzi zilizoshikana kama manyoya ya paka, na sarafu ya shilingi mia mbili. Sarafu ndiyo iliyokuwa imekaba pampu.

"Hiki mnakisafisha lini?" fundi akauliza.

Mama mwenye nyumba akamtazama dada. Dada akatazama beseni. "Sikujua kama kinafunguka," akasema.

Fundi akaanza kueleza namna ya kukisafisha, na hili ndilo lililonichoma: alikuwa anamweleza mwenye nyumba. Dada alikuwa ameshika beseni.

Tujiulize basi, kosa ni la nani? Sarafu ilitoka mfukoni mwa suruali, na suruali ilikuwa ya baba. Nguo ziliingizwa na dada bila kukagua mifuko. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kwenye droo ya chumbani kwa mama, ndani ya mfuko wake wa nailoni pamoja na karatasi ya dhamana, na kimeandikwa Kiingereza. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, anagusa jambo hili hasa. Anasema kutojua hakumsafishi mtu pale ambapo kutojua kwenyewe ni kwa uzembe wake, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kujua na hakujishughulisha. Watu huipenda hoja hii kwa ajili ya kuwabana wadogo. Ila ukiisoma vizuri inageuka. Aliyekuwa na uwezo wa kujua ni yule mwenye droo.

Hapa inabidi niingie kwenye mashine zenyewe kidogo, kwa sababu naamini aina ya mashine inabadilisha aina ya lawama.

Chukua ile ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Watu wanaidharau siku hizi, eti ya kizamani. Lakini ni mashine isiyo na siri. Maji yakikatika unaijaza kwa ndoo. Unaona povu, unaona uchafu, unazihamisha nguo kwa mikono yako, kwa hiyo sarafu ikiwemo utaisikia ikigonga. Utunzaji wake ni wa macho na masikio: usiijaze kupita kiasi, zipange nguo sawasawa kwenye tangi la kukamulia ili lisiyumbe, toa kile kifuko cha wavu kinachonasa nyuzi ukisuuze, usimwagie maji sehemu ya swichi, na usiingize mkono kabla tangi halijasimama kabisa. Likianza kuchelewa kusimama, breki yake imekwisha. Mtu yeyote anayeitumia wiki mbili anaijua. Hapa naweza kukubali kumlaumu mtumiaji, walau kwa nusu.

Ile ya mlango wa juu inayojiendesha yenyewe iko katikati. Inakuachia kuongeza soksi uliyoisahau, ila imeshaanza kuficha mambo. Ina kichujio kidogo cha wavu pale mpira wa maji unapoingilia, na kwenye mitaa yetu ambako maji yakirudi baada ya mgawo hutangulia matope, wavu ule huziba, mashine ikabaki inangoja maji yasiyokuja. Wengi huita fundi wa umeme. Dawa ni kufunga koki, kufungua mpira na kuusugua wavu kwa mswaki wa zamani. Miguu yake nayo lazima ilingane sakafuni, la sivyo wakati wa kukamua itatembea mpaka mlangoni.

Ya mlango wa mbele ndiyo yenye adabu ya kutisha. Inatumia maji kidogo, inafua vizuri, nyingi zinapasha maji zenyewe, na karibu kila kitu chake kimefichwa. Inakuja na boliti za safari zilizoshikilia pipa lisicheze njiani. Usipozitoa kabla ya kuiwasha, itaruka kama imepandwa na pepo na inaweza kuvunjika ndani. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, ile yenye povu jingi tunayoona ndiyo inayotakasa, kwake ni sumu. Maji ni machache, kwa hiyo povu linajaa na mashine inashindwa kusuuza. Mpira wa mlango una mkunjo unaotunza maji, na usipoufuta na kuuacha mlango wazi baada ya kufua, ukungu mweusi unaota, nguo zinatoka na harufu. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nusu ya Dar tunayajua, hugandisha utando mgumu kwenye chuma cha kupashia. Wapo wanaosafisha kwa kuiendesha tupu na maji ya moto, pengine na asidi ya limau kidogo. Umeme ukicheza, ubao wake wa elektroniki ndio wa kwanza kufa. Na chini, nyuma ya kifuniko ambacho hakina hata alama, liko chujio.

Unaona tofauti? Mashine ya kwanza inamfundisha anayeitumia. Ya tatu inamfundisha anayesoma kijitabu. Ukimkabidhi mtu mashine ya aina ya tatu bila kijitabu, umemkabidhi wajibu na umebaki na elimu. Sijui jina jingine la kuita hilo zaidi ya dhuluma, hata kama mshahara unalipwa tarehe moja.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri, ila imetungwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake. Inadhani anayeuona ufa, mwenye udongo wa kuuziba, na atakayejenga ukuta ni mtu mmoja. Kwenye nyumba nyingi tunazoishi ni watu watatu.

Sheria, kwa mara moja, iko mbele ya desturi zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa hasira tu. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nilimwambia jirani hilo, kwa upole wa mtu aliyekuja kuazima ngazi. Akacheka, akasema, "Mwandishi, hii ni nyumba, siyo ofisi." Nadhani sentensi hiyo ndiyo kiini cha tatizo. Nyumba inapotaka kazi ifanyike, ni ofisi. Inapodaiwa haki, ni nyumba.

Yupo atakayeniambia nambebea dada mzigo wake wote. Hapana. Kukagua mifuko ni jambo ambalo kila aliyewahi kufua analijua, awe na mashine au karai, na sehemu hiyo ya kosa ni yake. Lakini baba naye ana mikono. Kosa likiwa na wenyewe watatu, kulikata kwenye mshahara wa mmoja, tena ule mdogo kuliko yote, kunahitaji hoja nzito kuliko "yeye ndiye aliyekuwa karibu."

Hannah Arendt, kwenye The Human Condition ya mwaka 1958, anatenganisha jasho la kila siku lisiloacha alama, kama kupika na kufua, na kazi ya kuunda kitu kinachobaki, kama meza au kitabu. Vita ya kudumu dhidi ya kutu na uozo aliiweka upande wa jasho. Kiswahili hakijisumbui na mgawanyo huo, yote ni kazi. Lakini tuna neno ambalo naona linasema zaidi: kutunza. Kutunza ni kuangalia kitu kisiharibike. Kutunza pia ni kile kinachofanyika kwenye taarabu, mtu anaponyanyuka na noti mkononi kumwendea mwimbaji aliyemgusa. Neno moja lina ulinzi na lina zawadi. Tumeigawa maana hiyo vibaya: ulinzi tumempa mmoja, zawadi tunapeana wengine.

Ulaya tangu Machi 2021 kanuni zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia waendelee kutoa vipuri kwa miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni. Ni haki ya kutengeneza, na naiunga mkono. Ila ni haki ya mwenye mashine. Haki ya kuelezwa inavyofanya kazi kwa yule ambaye si yake, hiyo sijaiona ikipiganiwa kwa nguvu kama hiyo.

Nyumbani kwetu nimebandika karatasi juu ya mashine, mistari sita kwa Kiswahili: mifuko, sabuni, mpira, mlango, chujio, koki. Nilidhani nimemaliza. Dada anayetusaidia, Mungu ambariki, aliisoma hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo hizi zote sasa ni kazi zangu?" Ameniweza. Elimu niliyokuwa najivunia kuitoa ilikuwa imeongeza kazi sita kwenye siku ile ile, kwa mshahara ule ule. Tulikaa tukaongea. Mifuko kila mtu anakagua ya kwake kabla nguo haijaingia kapuni. Mpira na mlango ni wake, kwa kuwa ndiye anayetoa nguo, na mshahara tumeupandisha kidogo, ingawa yeye anasema kidogo mno na bado tunajadiliana. Chujio ni langu, Jumamosi moja kila mwezi. Wiki iliyopita nilikuta kifungo cha shati na karatasi ya pipi, na maji, kama kawaida, yalimwagika nje ya beseni.