Nimekuacha kwa Faida Yako

Mnaofuatilia tamthilia za Kikorea mtanielewa kabla sijamaliza. Mmefika sehemu ya 12 au ya 13. Wawili wameshapendana, mvua imenyesha, mwavuli mmoja umewatosha, kijana amemkamata msichana mkono na kumvuta mbele za watu, na sisi tumepiga makofi. Kila kitu kiko sawa. Halafu mmoja anapata habari. Anaumwa ugonjwa usiopona, au mama wa tajiri ameweka bahasha ya hela mezani, au baba mtu amekataa. Badala ya kwenda kwa mwenzake na kumwambia, "Kuna jambo limetokea," anakwenda na uso mkavu na kusema, "Sikupendi tena." Anageuka, anakata kona, na huko kwenye kona ndiko anakolia.

Kwenye kikundi chetu cha vijana tunaita jambo hili kuacha kwa huruma. Si la jana. Winter Sonata ya mwaka 2002 ilikuwa na ajali ya gari, kusahau na siri juu ya siri. Boys Over Flowers ya 2009 ilikuwa na mama tajiri anayetaka kumtoa msichana maskini kwa hela. Sababu mojawapo ni ya ufundi tu: tamthilia nyingi za kule zina sehemu 16, kila moja kama saa nzima. Wapenzi wakikaa na furaha kuanzia sehemu ya 8, utaonyesha nini mpaka ya 16? Lazima mtu afiche kitu. Hilo nawasamehe. Linalonisumbua ni swali lililo chini yake. Mtu anayekuficha jambo linalokuhusu wewe, kwa sababu anakuonea huruma, amekupenda au amekudharau?

Angalia kwanza jinsi tunavyofanywa tumpende mwongo. Kamera inamfuata. Yule aliyeambiwa "sikupendi" anaachwa pale pale barabarani, na sisi tunapelekwa kwenye kona kuona machozi ya aliyesema. Hapa kambini wengi tunaziangalia zikiwa zimetafsiriwa, yaani kuna jamaa anazungumza Kiswahili juu ya sauti zao, na yeye naye anaongeza chumvi: "Anampenda huyu, jamani, anadanganya tu!" Kwa hiyo kibanda umiza kizima kinajua ukweli, mpaka watoto wanaochungulia kwenye tundu la turubai wanajua. Asiyejua ni mmoja tu, mwenye maisha yake.

Chukua Descendants of the Sun ya mwaka 2016, ambayo hapa hata wazee waliiangalia kwa sababu ina wanajeshi. Watu wengi wanamzungumzia kapteni na daktari wake. Mimi napenda wale wawili wa pembeni. Seo Dae-young, aliyeigizwa na Jin Goo, ni sajenti aliyeishia sekondari. Yoon Myung-ju, aliyeigizwa na Kim Ji-won, ni daktari wa jeshi, ana cheo kumzidi, na baba yake ni jenerali. Jenerali anataka mkwe wa maana. Na sajenti hapigani naye, kwa sababu moyoni anaona mzee ana haki: msichana huyu anastahili mtu bora. Basi anamkimbia. Anakubali kuhamishwa. Siku Myung-ju anatua kwenye nchi ya kubuni inayoitwa Uruk, yeye ndiyo siku anaondoshwa kurudi Korea, na wanapita wakipigiana saluti.

Mimi pia niliishia sekondari, kwa hiyo huyo sajenti nilimwelewa upesi. Najua ile hesabu ya kimya unayoipiga ukisimama karibu na msichana wa watu mwenye vyeti. Lakini mtazame Myung-ju. Ni afisa. Ni daktari, anaamua mambo ya uhai na kifo kila siku. Na juu ya ndoa yake, wanaume wawili wameelewana bila yeye kukaa kwenye kikao. Mmoja anatumia amri, mwingine anatumia huruma, matokeo ni yale yale. Kim Ji-won aliicheza vizuri kwa sababu hakuigiza huzuni tu, aliigiza hasira. Anapopiga ile saluti, mkono umenyooka kama wa askari yeyote, lakini macho yanagombana.

Miaka minane baadaye mwigizaji huyo huyo akapewa mwanamke mwingine wa kufichwa. Katika Queen of Tears ya 2024 ni Hong Hae-in, bosi wa duka kubwa, ana uvimbe kichwani. Mume wake, Baek Hyun-woo, aliyeigizwa na Kim Soo-hyun, anapata habari kwamba Ujerumani kuna upasuaji wa kumwokoa, ila ukifanyika kumbukumbu zake zitafutika. Anamficha hilo la kumbukumbu. Anampeleka Ujerumani akiwa na matumaini matupu, na kule ndiko mwanamke anajua. Anakataa upasuaji. Anasema maisha bila alichokiishi si maisha yake. Kwenye kikundi chetu tulibishana mpaka sola ikaisha chaji. Wavulana karibu wote walisema mume yuko sahihi: kwanza apone, mengine baadaye. Wasichana wakauliza, kichwa ni cha nani?

Na mwishowe Hae-in alikubali kupasuliwa. Hili watu wanalipita haraka. Alikubali akijua anachopoteza. Kama wangempasua bila kumwambia angeamka vilevile, mzima vilevile, na asingejua hata kwamba ameibiwa. Halafu angalieni kilichofuata: alipoamka hana kumbukumbu, yule Yoon Eun-sung aliyemtaka kwa nguvu akaja kumdanganya kwamba yeye ndiye aliyekuwa mpenzi wake. Mtu akishazoea kuamuliwa na wanaompenda, wasiompenda nao wanapata njia.

Sasa nitoke Korea nije zoni yetu.

Kuna kijana mmoja, jina naliacha, familia yao ilipata kwenda nchi ya tatu. Mahojiano yalipita, medikali ikapita, tarehe ikatoka. Alikuwa na mpenzi. Akaacha kumsalimu. Akaanza kutembea na msichana mwingine mchana kweupe, kusudi yule wa kwanza amwone, amchukie, amsahau. Basi likaondoka alfajiri, na msichana akapata habari bombani, kwenye foleni ya maji, kutoka kwa watu waliodhani anajua. Baada ya miezi mingi kijana akatuma ujumbe wa sauti kueleza kwamba alifanya vile ili asimuumize. Hakuna atakayenishawishi kwamba hakujifunza kwenye hizi tamthilia, maana hata maneno yalikuwa yale.

Msichana akaniambia: "Yaya, angeniambia ningelia wiki mbili. Sasa nimekaa mwaka mzima nikijiuliza niko na kasoro gani."

Hapa ndipo tamthilia inatudanganya. Maishani hakuna kamera ya kwenye kona. Aliyeachwa anabaki na ule uso mkavu tu, na kwa ule uso anajenga maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi maelezo hayo yanamlaumu yeye. Kijana alilia, naamini. Machozi yake yalimsaidia nani?

Nilipowaambia haya wamama wa jirani, mmoja alinicheka. "Wewe hujazaa," akasema. Mgawo ukipunguzwa, mama anawapakulia watoto, na wakimuuliza anajibu, "Nimeshakula." Huo ni uongo, tena wa kila siku. Je, na yeye amewadharau watoto wake?

Hapana. Lakini tutofautishe. Mama yule anadanganya juu ya tumbo lake mwenyewe. Njaa ni yake, na ameamua kuitoa kama zawadi. Sajenti, mume wa Hae-in na kijana wa zoni yetu walificha kitu ambacho nusu yake, au chote, kilikuwa cha mwenzao. (Ingawa hata kwa mama sina uhakika wote. Mtoto wa miaka mitano sawa. Lakini kijana wa miaka 16 ambaye angeweza kupunguza sahani yake kama angejua? Nilimuuliza yule mama, akaniambia niende nikafanye kazi.)

Na kuna uongo mwingine ambao siwezi kuutupa, kwa sababu ndio ulionifikisha hapa. Tulipokimbia nilikuwa na miaka sita. Mama aliniambia baba anakuja nyuma na mizigo. Nilitembea. Kila nilipochoka alisema, "Twende, asije akatupita." Baba alikuwa ameshakufa siku tuliyotoka. Kama angeniambia pale njiani ningekaa chini, na watu waliokaa chini kwenye njia ile hawakufika. Tulipovuka, tukapata hema, siku ya tatu mama aliniketisha juu ya mkeka akaniambia yote, bila kupunguza.

Nimefikiri sana kwa nini sijawahi kumkasirikia. Nadhani ni kwamba ule uongo ulikuwa na mwisho. Njiani sikuwa na la kufanya na ukweli. Mama aliubeba kwa niaba yangu, kama alivyobeba sufuria, na tulipofika akanikabidhi. Watu wa tamthilia hawana nia ya kukabidhi. Wanataka wafe na siri yao, na inatoka kwa bahati mbaya tu, hospitalini au kwa mtu aliyesikia mlangoni. Mume wa Hae-in nashindwa kumweka upande mmoja moja kwa moja. Alikuwa anambeba kumfikisha mahali, kama mama yangu. Lakini Hae-in hakuwa mtoto wa miaka sita, na ukweli ule alikuwa na la kufanya nao.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnasoma jarida hili, na hapa nawageukia kwa heshima. Sisi tuna umri wa watu wazima, lakini mara nyingi tunafichwa kama watoto walio njiani. Kulikuwa na mradi mmoja wa mafunzo ya ushonaji ambao waliouendesha walijua miezi kadhaa kabla kwamba utafungwa. Hawakutangaza. Baadaye tukaelezwa kuwa hawakutaka kuleta taharuki. Katika miezi ile kuna wamama waliokopa hela kununua vitambaa. Nina hakika kuna mfanyakazi aliyelia kwenye kona. Wakati mwingine, kweli, hata nyinyi hamjaambiwa na walio juu yenu, na hilo linaeleweka. Basi semeni hamjaambiwa. Tumezoea habari mbaya, tunajua kuzipangia.

Katika ile ile Descendants of the Sun kuna kipande kinachotuchekesha hapa kuliko vichekesho vyake vyote. Daktari kijana wa Kikorea anampa mtoto wa Uruk viatu. Mtoto anakataa. Hataki viatu, anataka mbuzi, amfuge. Daktari anashangaa. Sisi hatukushangaa. Sehemu kubwa ya tamthilia ile watu wa Uruk ni mandhari tu, wanaugua na kuokolewa, lakini dakika ile mtoto mmoja alisema anachotaka kwa mdomo wake mwenyewe, na kibanda kizima kikapiga kelele kama timu yetu imefunga goli.

Juzi nilikipa kikundi zoezi. Wachukue sajenti na Myung-ju, wabadilishe kitu kimoja tu: sajenti asikimbie, aende akamwambie kila kitu alichosema jenerali, na pia kwamba yeye mwenyewe anaona jenerali ana haki. Mvulana aliyekuwa sajenti alisema yote, sauti ikimtetemeka, akamaliza, akasimama wima. Tukamgeukia msichana aliyekuwa Myung-ju. Tulitegemea amkumbatie, au amzabe kofi, maana kwenye tamthilia ni moja kati ya hayo. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka wengine wakaanza kucheka. Kisha akasema, "Nimesikia. Nipe siku mbili niwaze."

Mvulana akaniangalia mimi. Hakujua mtu anafanya nini katika hizo siku mbili.