Msema Pweke Hakosi

Barabara ya Waiyaki hubeba maelfu ya watu kila asubuhi, kutoka Kikuyu, Uthiru na Kangemi hadi Westlands na katikati ya jiji. Jina hilo limezoeleka mno hata hatulisikii tena. Ukimuuliza abiria Waiyaki alikuwa nani, huenda akakujibu kwa sentensi moja: ni yule aliyezikwa na Wazungu akiwa hai, kichwa chini miguu juu, huko Kibwezi.

Mpwa wangu yuko kidato cha nne na anajiandaa kwa mtihani wa Historia na Serikali. Jibu lake ni refu kidogo. Ana orodha mbili daftarini, ya viongozi waliopinga wakoloni na ya walioshirikiana nao, na kila orodha ina sababu zake tano. Waiyaki amewekwa kwa waliopinga. Nilimuuliza, "Umejuaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo kwenye silabasi. "Mwalimu alisema, mjomba. Na ndivyo mwongozo wa kusahihisha unavyotaka."

Simlaumu. Lakini maisha ya Waiyaki wa Hinga hayaingii katika orodha moja. Mwaka 1890, Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipofika upande wa Dagoretti, Waiyaki alimpokea na wakala kiapo cha udugu. Ngome ikajengwa. Baadaye watu wa kampuni wakawa wanapora vyakula vya wenyeji, uhasama ukazuka, ngome ile ikaachwa, na nyingine ikajengwa Kabete, ikaitwa Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikorofishana na maafisa wa ngome hiyo, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo na kuanza kupelekwa pwani. Alifia Kibwezi, miaka 7 kabla ya reli kufika hapa tunapopaita Nairobi. Kwa hiyo katika miaka miwili mtu huyohuyo alikuwa ndugu wa kiapo, kisha mfungwa.

Maelezo yanagawanyika kuhusu kifo chenyewe. Maandishi ya wakoloni yanasema jeraha ndilo lililomuua. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema alizikwa hai. Mwanahistoria hapewi ruhusa ya kuchagua linalomfurahisha. Anafanya kazi ya mzee mwenye busara anayeamua kesi ya mpaka wa shamba: anasikiliza pande zote, kisha anakwenda mwenyewe kuutazama mpaka. Nani aliandika ripoti ile, na alikuwa anamwandikia nani? Nani kati ya watu wa Waiyaki alikuwepo Kibwezi, na habari zilifikaje nyumbani? Masimulizi ya kuzikwa hai yalianza kusikika lini? Mwamba ngoma huvutia kwake, naye mwanahistoria yupo ili aone ngozi imevutwa upande gani.

Kazi hii ina mabingwa wake kwetu. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, aliingia katika fani wakati wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Alikusanya masimulizi ya koo za Wajaluo, akayalinganisha, akahesabu vizazi ili kukadiria nyakati, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Godfrey Muriuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye akaandika historia ya Wakikuyu, ikachapishwa 1974. Wote wawili waliwaheshimu wazee kiasi cha kuwahoji. Kumwamini mzee bila kumuuliza lolote ni njia ya adabu ya kutomsikiliza.

Na karatasi je, zinaaminika zaidi? Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, walikozuiliwa watuhumiwa wa Mau Mau. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa lugha ya ofisi. Msema pweke hakosi, na siku hizo serikali ilikuwa inasema pweke, mpaka uchunguzi wa maiti ulipoonyesha majeraha.

Uhuru ulipokaribia, nyaraka nyingi zilichomwa na nyingine zikasafirishwa Uingereza kimyakimya. Wazee waliposhtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, mmoja wao alikuwa amenusurika Hola, akaachwa miongoni mwa maiti. Wanahistoria Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett walitoa ushahidi wa kitaalamu, na mwaka 2011 Uingereza ikakiri kwamba mafaili yaliyofichwa yalikuwa katika hifadhi yake ya Hanslope Park. Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mafaili yalikubaliana na mengi ambayo wazee walikuwa wakiyasema miaka yote.

Wala tusidhani kusema pweke kuliondoka na mkoloni. Marufuku dhidi ya Mau Mau ilifutwa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia aliyekusanya habari za vita hivyo, alikamatwa 1982 na kufungwa miaka 6. Watawala hawamwogopi anayekariri tarehe. Wanamwogopa anayeuliza tarehe hiyo imetoka wapi.

Ndiyo maana nasikitika kuona somo hili likigeuzwa ghala la sababu tano tano. Hapo Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, pana Makavazi ya Kitaifa, katika jengo lililokuwa la National Bank of India. Wengi wetu huagana kukutana hapo. Wachache huingia kutazama mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, na wachache zaidi hufika chumba cha kusomea nyaraka. Mwalimu wa Kangemi au Kawangware ambaye hawezi kuleta darasa lake mjini anaweza bado kuwapa wanafunzi maelezo mawili ya kifo cha Waiyaki, akawaachia kipindi kizima wayahoji, bila kuwaambia lipi litapata alama.

Mwaka 2027 tutapiga kura. Tutahubiriwa mazishini na kwenye majukwaa nani alipigania nini, nani alimsaliti nani, na ardhi ilikuwa ya nani tangu enzi. Simu zetu zitajaa picha za zamani zenye maelezo mapya. Kijana aliyekariri sababu tano atapokea ya sita bila kusita. Aliyefundishwa kuuliza "umejuaje?" ataiuliza Kangemi, ataiuliza bungeni, na ataniuliza hata mimi mjomba wake. Nitalazimika kumjibu kwa ushahidi, na kama sina, ninyamaze.