Mkeka Usio wa Beti

Hapa Tassia ukisema una mkeka, watu watakuuliza umeweka timu gani. Wangu ni wa plastiki, wa kukalia. Kila alfajiri naukunjua kati ya kitanda na jiko la gesi, nakunja miguu, nafumba macho, nahesabu pumzi. Nikifika nne, ndege inapita juu kuelekea JKIA. Nikianza upya, jirani wa juu anaburuta mtungi wa maji. Ghorofa zetu zimesongamana hadi namsikia mtu wa ploti nyingine akipiga mswaki.

Rafiki yangu alinicheka. "Kodi hujalipa, halafu unakaa chini kupumua?"

Swali lake lilinichoma kwa sababu si la kijinga. Kwani utulivu ni wa walioshiba tu? Na mtu akitulia huku mambo yake yameharibika, si huko ni kujidanganya?

La kwanza, Nairobi yenyewe imelijibu. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007 na Mmarekani Paige Elenson, limewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga. Wapo wanaopata ugali wao kwa kazi hiyo. Kwa hivyo tuache kusema ni mchezo wa watu wa Karen.

La pili ni gumu zaidi. Neno yoga limetoka kwenye Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wanavyofungwa nira. Na nira ni ya kazi, si ya usingizi. Hata Bhagavad Gita, kitabu kikubwa cha mafunzo ya yoga, hakianzii mlimani penye kimya. Kinaanzia uwanja wa vita. Arjuna anawaona jamaa na walimu wake upande wa pili, mwili unamtetemeka, anaweka upinde chini. Krishna hamfundishi kusahau yaliyo mbele yake. Anamfundisha kutenda bila kuendeshwa na woga wala tamaa ya matokeo.

Mimi nilianza kukaa mkekani ili nitoroke. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda, na kwa miezi minane nikamwambia mama masomo yanaendelea vizuri. Nilidhani pumzi zitanifutia hiyo aibu. Wapi! Ukinyamaza, kile ulichokuwa unakifunika kwa simu na kelele ndicho huongea kwanza. Kila nikifumba macho nilimwona mama akiwaambia majirani kwamba mwanawe yuko karibu kumaliza.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Utulivu unaokufanya usisikie deni lako ni dawa ya usingizi tu. Ule mwingine haukuondolei kitu. Unakukalisha nacho mpaka ukiangalie usoni, halafu unakuachia kazi ya kuinuka.

Asubuhi moja nilikunja mkeka, nikanunua kredo, nikampigia mama. Mkono ulitetemeka lakini sikukata simu. Nilimwambia yote. Alinyamaza hadi nikasikia kuku wake wakilia uani. Kisha akakasirika, na ana haki. Bado tunaongea, polepole.

Kodi nayo iko palepale. Na kesho alfajiri, nikifika pumzi ya nne, ndege itapita.