Mshairi na Amana ya Ulimi

Mshairi ni nani? Wengi hujibu kuwa ni mtu ajuaye vina na mizani. Jawabu hili, kwa maoni yetu, ni pungufu. Vina na mizani ni ala tu, mfano wa msumeno na randa kwa seremala. Na mwenye ala hizo aweza kuchonga mlango wa msikiti, na aweza kuchonga sanduku la kufichia mali ya wizi.

Sura ya 26 katika Qur'ani Tukufu yaitwa Ash-Shu'araa, yaani Washairi. Mwishoni mwake washairi walaumiwa kwa kuwa vitendo vyao haviwafikiani na maneno yao. Kisha wavuliwa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Lau shairi lenyewe lingekuwa ovu, asingelivuliwa yeyote, wala Mtume (S.A.W.) asingelimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini. Basi aibu haimo katika shairi, imo katika ulimi uliofarikiana na moyo.

Kwa hivyo twasema: mshairi ni shahidi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 hali yu mgonjwa, alimwachia wasia wa mambo aliyoyaishi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, toka 1969 hata 1972, kwa sababu ya waraka aliouandika juu ya mwendo wa nchi. Na huko gerezani akatunga mashairi yaliyochapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mmoja alikuwa nyumbani mwake na mmoja kifungoni, na wote wawili hawakukodiwa na mtu.

Leo twasikia nini? Harusini na katika mikutano ya siasa, tajiri husifiwa kwa ukarimu ambao jirani zake hawajauona. Na ukifika uchaguzi mwingine, ulimi ule ule humsifu hasimu wake kwa sifa zile zile.

Huenda mtu akatwambia: "Mshairi naye ana watoto, sonara hulipwa, mbona yeye asilipwe?" Neno hili lina haki yake, nasi hatuharimishi ujira wa kazi. Lakini shahidi huweza kupewa nauli ya kumfikisha mbele ya kadhi. Hapewi bei ya atakalolisema. Akiipokea bei hiyo, si shahidi tena, hata akiwa fasihi namna gani.

Wala sisi wasikilizaji tusijivue. Ulimi wa kukodi hauishi pasipo mkodishaji na wapigaji makofi. Tumtuzapo mshairi kwa sifa tunazojua kuwa si za kweli, tumeununua uwongo kwa fedha yetu, na watoto wetu waliokaa mbele wamejifunza kuwa maneno mazuri hayahitaji kuwa kweli. Hasara hiyo hailipiki kwa vina.

Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.