Kuuliza na Kuamini

Kijana wa Dakawa, mkoani Morogoro, aliniuliza lipi bora kusoma: falsafa au elimu ya dini. Nilimwambia jawabu limo katika ardhi anayoikanyaga. Hapo, tangu mwaka 1982, chama cha ANC kilijenga makazi ya watu wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi. Kanisa kubwa la Makaburu liliutetea ubaguzi huo kwa Biblia. Na kwa Biblia hiyo hiyo Albert Luthuli, mhubiri aliyekuwa rais wa ANC tangu mwaka 1952 hadi 1967, aliupinga. Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji hawakuwa sawa.

Basi dini isiyovumilia swali yaweza kubariki dhuluma. Lakini swali tupu halimtoi mtu kwao akateseke kwa ajili ya haki. Hilo lataka imani. Katika sekondari zetu elimu ya dini ina mtihani wake, na wengi hukutana na falsafa Chuo Kikuu tu. Kwa hiyo nilimshauri asome dini, ila asiingie darasani bila swali, wala asitoke bila jambo analoweza kulisimamia.